Kamba ya Kuanikia Nguo Usiikwelee Mnazi!

Mpenzi msomaji, ukiniona nachechemea usinicheke. Sikukuu ya Idi tulikwenda kupunga upepo ufukweni, hapa Kilwa Masoko, vijana tukawekeana dau: atakayewahi kuangua dafu ndiye dume. Mimi kwa sifa zangu nikakata kamba ya plastiki ya shangazi, ile ya kuanikia nguo, nikafunga kitanzi cha miguuni, huyooo juu ya mnazi!

Kufika usawa wa paa, fundo likafyatuka. Nilishuka nimeukumbatia mnazi kama mchumba anayesafiri. Kifua kikachubuka, kifundo cha mguu kikavimba. Na yule binti niliyekuwa namwonyesha umwamba alikuwa anaangalia. Tuyaache hayo.

Mzee mmoja mkwezi alikuja, akaokota ile kamba badala ya kuniokota mimi. "Mjukuu wangu," akasema, "mdogo wangu alikufa kwa kamba ya kuazima kama hii." Nikanyamaza kimya.

Basi nipe sikio. Kitanzi cha miguuni kazi yake ni kubana nyayo na kung'ang'ania shina, kwa hiyo kinatakiwa kikwaruze. Plastiki inateleza, fundo lake hulegea, na jua likiipiga siku nyingi hukatika kama tambi.

Katani, iliyoletwa na Wajerumani mwaka 1893 na baadaye ikalimwa hadi kwetu Lindi, inashika vizuri na ina nguvu. Ila ikikaa na unyevu huoza ndani, nje unaiona nzima! Ifumue kidogo uchungulie. Ukikuta weusi au vumbi, hiyo kafungie mbuzi.

Mzee yeye anapenda usumba, kamba ya makumbi ya nazi yenyewe. Makumbi hufukiwa matopeni miezi kadhaa, yakapondwa, yakasokotwa. Maji ya chumvi hayaitishi, ndiyo maana wazee walishonea mitepe yao bila msumari. Lakini uzi kwa uzi haifikii katani kwa nguvu, kwa hiyo chagua nene.

Yoyote utakayochukua, ijaribu kwanza kimo cha goti: rukaruka, ning'inia. Na kumbuka, kitanzi cha miguu hakikudaki ukianguka. Zungusha kamba nyingine, nene na nzima, kwenye shina na kiuno.

Dau nimeliwa, na kamba ya shangazi nimelipa. Tukutane wiki ijayo, panapo majaaliwa.