Nikeli ya Ngara na kutu ya mabehewa: Kwa nini treni za mijini huhitaji kuoshwa kila mara

Na Mwandishi Wetu

WILAYA za Ngara na Biharamulo mkoani Kagera hazina hata kilomita moja ya reli. Mkazi wa huko anayetaka kupanda treni hulazimika kwanza kupanda basi hadi upande wa Shinyanga, ilipo stesheni ya Isaka. Pamoja na hayo, mojawapo ya metali zinazoliwezesha behewa kukaa miaka mingi bila kuliwa na kutu imelala chini ya ardhi ya Ngara, katika eneo la Kabanga, karibu na mpaka wa Burundi. Metali hiyo ni nikeli.

Suala la kutu katika treni za abiria limepata uzito mpya nchini. Oktoba 29, 2012, jiji la Dar es Salaam lilianza kuwa na treni za abiria za ndani ya mji, zilizokuja kujulikana kwa wananchi kama "treni ya Mwakyembe", kwa jina la aliyekuwa Waziri wa Uchukuzi wakati huo, Dk. Harrison Mwakyembe. Mwaka 2024 zikafuata treni za umeme katika reli ya kisasa, kwanza kati ya Dar es Salaam na Morogoro, kisha hadi Dodoma. Miongoni mwake zimo zile zenye pua ndefu ambazo abiria walizibatiza jina la "Mchongoko", zilizotengenezwa na kampuni ya Hyundai Rotem ya Korea Kusini. Nchi jirani ya Kenya nayo ilinunua treni 11 za dizeli kutoka Hispania mwaka 2020 kwa ajili ya abiria wa Nairobi. Zote hizo ni mali iliyogharimu fedha nyingi za umma, na adui wake wa kwanza ni hewa na maji.

Ili kuelewa adui huyo anavyofanya kazi, inafaa kurudi nyuma kidogo, hadi kwa Warongo, mafundi wa chuma waliofahamika tangu zamani katika maeneo ya Biharamulo na Geita. Mafundi hao walichukua mawe mekundu, wakayachoma pamoja na makaa ya mkaa katika tanuri lililovuviwa kwa mivuo, na kupata chuma cha kufulia majembe. Kwa lugha ya kikemia, mawe yale yalikuwa chuma kilichoungana na oksijeni, na kazi ya moto na makaa ilikuwa kuiondoa oksijeni hiyo. Kutu ni safari ya kurudi. Chuma kikikutana na maji na hewa huungana tena na oksijeni na kuwa kitu kinachofanana na yale mawe mekundu ya mwanzo. Ndiyo maana kipande cha bati kilichooza kabisa hufanana na udongo wa Ngara, kwani rangi nyekundu ya udongo huo nayo hutokana na chuma kilichokwisha kuungana na oksijeni.

Kutu ya chuma cha kawaida haina uwezo wa kujizuia. Ni laini, ina vinyweleo, hubanduka na kuachia sehemu mpya iliwe. Chumvi huongeza kasi ya jambo hilo, kwa sababu maji yenye chumvi hupitisha vizuri zaidi mkondo mdogo wa umeme unaoambatana na kuoza kwa metali. Hapo ndipo treni ya Dar es Salaam inapotofautiana na gari la Biharamulo. Stesheni kuu ya zamani ya jiji iko karibu na bandari, na upepo wa Bahari ya Hindi hubeba chembe za chumvi zinazotua juu ya mabehewa usiku na mchana.

Treni ya mjini ina tatizo jingine ambalo treni ya safari ndefu hailipati kwa kiwango hicho. Husimama mara nyingi. Kila inapofunga breki, hasa zile za viatu vya chuma cha kusubu vinavyobana gurudumu, hutoa vumbi laini la chuma lenye joto. Vumbi hilo hurukia ubavu wa behewa, hung'ang'ania, na baada ya unyevu wa usiku mmoja hugeuka kuwa madoa ya rangi ya chai. Abiria anayeyaona hudhani behewa limeanza kuoza, kumbe mara nyingi kilichooza ni lile vumbi. Lakini likiachwa muda mrefu, hushika unyevu na chumvi chini yake, na hapo bodi yenyewe huanza kushambuliwa kweli.

Mabehewa mengi ya zamani yalijengwa kwa chuma cha kawaida na kulindwa kwa rangi. Rangi ni koti tu. Chini kabisa huwekwa rangi ya msingi yenye kazi ya kuzuia kutu, juu yake hupakwa rangi nyingine za kuziba na kupendezesha. Ikichubuka mahali pamoja, kwa jiwe au kwa tawi la mti, maji huingia na kutambaa chini ya rangi iliyobaki nzima. Mafundi wa bodi za mabasi wanalijua hili vizuri. Wako wanaokwepa kazi kwa kuziba tundu la kutu kwa puti na kupaka rangi mpya juu yake bila kusugua hadi kufikia chuma kilicho hai. Kazi hiyo hupendeza siku ya kukabidhi gari. Mvua za masika hazijaisha, vivimbe huanza kuonekana.

Hapo ndipo inapoingia nikeli. Chuma kisichoshika kutu, kile ambacho hata vijiko na masinki hutengenezewa, huwa na kromi isiyopungua asilimia 10.5. Kromi huungana na oksijeni na kutengeneza utando mwembamba sana usioonekana kwa macho, ambao ukikwaruzwa hujirudishia wenyewe maadamu hewa ipo. Aina inayotumika zaidi duniani huwa na kromi takriban asilimia 18 na nikeli takriban asilimia 8. Kazi kubwa ya nikeli ni kuufanya mchanganyiko huo ukubali kukunjwa, kuchomelewa na kugongwa bila kupasuka, jambo ambalo ni uhai na mauti kwa chombo kinachobeba mamia ya watu. Kampuni ya Budd ya Marekani ilionyesha njia mwaka 1934 kwa treni iliyoitwa Pioneer Zephyr, ambayo bodi yake ilikuwa ya chuma hicho na haikuhitaji rangi. Takriban theluthi mbili ya nikeli yote inayotumika duniani huishia katika chuma cha aina hiyo, ingawa betri za magari ya umeme nazo zimeongeza mahitaji katika miaka ya karibuni.

Alumini nayo hutumika sana katika treni za kisasa kwa sababu ya wepesi wake. Nayo hujifunika utando wake, lakini haipatani na sabuni kali zenye magadi, na ikigusana moja kwa moja na boliti ya chuma mahali penye maji, alumini ndiyo inayoliwa.

Jina la "kisichoshika kutu" limewapotosha wengi. Chuma hicho kinashika kutu kikitendewa vibaya. Mwoshaji akikisugua kwa waya wa kusugulia masufuria, huacha vipande vidogo vya chuma cha kawaida vilivyojichimbia juu yake, na kesho yake madoa hutokea. Akitumia dawa ya kung'arishia nguo yenye klorini, huutoboa ule utando na kuacha vishimo vidogo vinavyozidi kwenda ndani. Chumvi ya bahari hufanya vivyo hivyo, taratibu zaidi. Kwa hiyo hata behewa lisilo na rangi halina budi kuoshwa.

Katika karakana zenye vifaa, treni hupitishwa polepole, kwa mwendo wa mtu anayetembea, katikati ya brashi kubwa zinazozunguka. Kwanza hunyunyiziwa maji ya kulainisha vumbi, maana kusugua vumbi kavu ni sawa na kupiga msasa. Kisha huja sabuni isiyo kali, brashi, na maji mengi ya kusuuzia. Madoa ya breki hayatoki kwa sabuni hiyo. Baada ya vipindi fulani hutumika dawa yenye asidi hafifu, kwa uangalifu na kwa dakika chache, kisha husuuzwa mara moja. Wanaoosha kwa mkono hupaka sabuni kuanzia chini kwenda juu ili isichirizike na kuacha michirizi, lakini husuuza kuanzia juu kwenda chini. Bodi haioshwi ikiwa imepata moto wa jua, kwa kuwa dawa hukauka kabla ya kusuuzwa. Kwa treni za umeme liko sharti zito zaidi: waya wa juu una volti 25,000, na hakuna mtu anayeruhusiwa kurusha maji au kupanda karibu nao kabla umeme haujakatwa na kuthibitishwa kuwa umekatwa.

Hata hivyo, uchakavu mbaya zaidi wa mabehewa hauko mahali panapoonekana. Uko chini ya vizingiti vya milango, pembeni mwa sakafu, chini ya fremu za madirisha na karibu na vyoo. Maji ya kudeki huingia katika mianya hiyo na kukaa. Watengenezaji huacha matundu madogo ya kuyatolea nje, lakini matundu hayo huzibwa na vumbi, majani na hata rangi ya ukarabati. Behewa linaweza kung'aa nje huku sehemu inayobeba uzito wake ikiliwa kutokea ndani. Kazi ya kuzibua matundu haipigiwi picha na wala haionekani na abiria, labda ndiyo sababu husahaulika.

Kwa wakazi wa Ngara na Biharamulo, somo hilo linayahusu malori na mabasi yanayopita Nyakanazi, Lusahunga na Benaco kuelekea Rusumo na Kabanga. Vumbi jekundu la huko, kwa kuwa limekwisha kuwa kutu tayari, haliozeshi chuma lenyewe. Tatizo ni kwamba likichanganyika na mvua hugeuka tope linalojaa ndani ya chesisi na chini ya milango, na kuhifadhi unyevu kwa siku nyingi. Kuosha ubavu na kuacha chini ni kuosha nusu ya gari. Na kuosha kwenyewe hakuwezi kufanyika mtoni: Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 inazuia shughuli za kibinadamu ndani ya mita 60 kutoka kingo za mito, na mafuta yanayomwagika katika Ruvubu au Kagera mwisho wake ni Ziwa Victoria.

Kuhusu nikeli yenyewe, Serikali ilisaini mkataba Januari 2021 uliozaa kampuni ya Tembo Nickel, ambayo Serikali ina hisa za asilimia 16. Mpango uliotangazwa ni madini ya Kabanga kusafishiwa nchini, Kahama, mahali ulipokuwa mgodi wa dhahabu wa Buzwagi. Hadi mwaka 2025 mgodi ulikuwa haujaanza kuzalisha. Reli ya kutoka Isaka hadi Kigali kupitia Rusumo, ambayo Rais John Magufuli na Rais Paul Kagame walikubaliana kuiharakisha Januari 2018, nayo ilikuwa haijajengwa. Ikijengwa, treni zake zitapita katika ardhi ya Ngara, mbali na chumvi ya bahari lakini katikati ya mvua na tope jekundu.