Picha ya mahindi isikuangushe sokoni

MNUNUZI aliyeko Nakonde au Lubumbashi hawezi kufika kila ghala la Mbozi na Momba kukagua mzigo. Siku hizi humwambia mfanyabiashara wa Tunduma, "Nitumie picha kwanza." Picha hiyo ya simu inaweza kuamua kama mtaendelea kuzungumza bei au atatafuta muuzaji mwingine.

Tatizo ni kwamba wengi hupiga picha ndani ya ghala, chini ya taa au turubai la bluu. Mahindi meupe huonekana ya njano au kama yenye ukungu, na maharage hubadilika rangi kabisa. Mnunuzi hudhani mzigo ni mbovu, hivyo hushusha bei.

Dawa yake ni rahisi. Chota mahindi katikati ya gunia, si juu tu, uyaweke kwenye sinia nje kivulini wakati wa mchana. Kando yake weka karatasi nyeupe na sarafu ya shilingi 200 ili mnunuzi aone ukubwa wa punje.

Kisha rekebisha rangi. Si lazima ununue Photoshop, programu ya kampuni ya Adobe iliyoingia sokoni mwaka 1990. Kwenye simu ipo Snapseed na kwenye kompyuta ipo GIMP, zote za bure. Katika Snapseed fungua palipoandikwa White Balance, chagua alama inayofanana na bomba la kudondoshea dawa ya macho, halafu gusa sehemu tupu ya ile karatasi nyeupe. Karatasi ikirudia weupe wake, mahindi nayo hurudia rangi yake halisi. Malizia kwa kukata kingo zisizohitajika.

Wakati wa kutuma kwa WhatsApp, itume kama hati. Ukiituma kwa njia ya kawaida, ubora wake hupungua na punje hazionekani vizuri.

Lakini usifute punje zilizooza wala kukoleza rangi. Tuchukulie umepeleka tani 10, mnunuzi akakuta mzigo haufanani na picha, akakata shilingi 50 kwa kila kilo. Umepoteza shilingi 500,000. Huna la kufanya, kwa kuwa lori limeshafika na nauli umeshalipa.

Kumbuka pia kwamba picha haionyeshi unyevu wala sumukuvu. Kiwango cha Afrika Mashariki kinataka unyevu wa mahindi usizidi asilimia 13.5. Pima kwanza, kisha andika kipimo na tarehe kwa wino mzito pembeni mwa karatasi ile ile kabla ya kupiga picha.

Mkulima akifanya hivyo, mnunuzi atakuta kwenye mzani kile alichokiona kwenye simu, na msimu ujao atampigia yeye kwanza.