Mwalimu Mjamzito na Rukhsa ya Kula Mchana wa Ramadhani

  

Ndugu zetu mliohudhuria hapa upande wa mashariki wa Buffalo, nanyi mnaotusikiliza kutoka Columbus na Louisville, jana tulimaliza hukumu za msafiri. Leo tulikusudia kuingia katika hukumu za mgonjwa, lakini limetujia swali ambalo hatukuona vyema kulichelewesha, kwa kuwa mwenye swali kesho asubuhi anakwenda kazini.

Mwenye swali ni binti yetu, mwalimu wa shule ya msingi. Ana himila ya miezi mitano, nayo ni ya kwanza. Ametupa idhini tueleze hali yake bila ya kumtaja jina. Alianza Ramadhani kwa kufunga kama wenzake. Hula daku saa kumi na moja alfajiri, husali, hupanda basi katika theluji, na kuanzia saa mbili na nusu husimama mbele ya watoto. Mwenye kazi ya dukani akizidiwa ataomba dakika tano. Mwalimu hawezi kutoka hata kwenda chooni mpaka apatikane mtu mzima wa kukaa na watoto, na mjamzito, kama wajuavyo akina mama, choo hakimpi muhula.

Siku moja macho yalimwingia kiza ubaoni. Aliketi juu ya kiti kidogo cha mtoto, na watoto wakakimbia kumwita mwalimu wa darasa la jirani. Muuguzi alimuuliza amekula lini. Alijibu: “Asubuhi.” Hakusema kuwa asubuhi yenyewe ni alfajiri.

Tangu siku hiyo anakula, lakini hula kwa kujificha, ndani ya stoo ya vitabu, mlango ukiwa umerudishwa. Darasani mwake wamo watoto wa Kisomali, wa Kibangladeshi na wa Kikongo, na baadhi yao wameanza kujizoeza nusu siku. Mmoja alimwona na chupa ya maji, akamuuliza: “Mwalimu, kwani wewe hufungi?” Alimwambia anameza dawa. Haikuwa kweli. Ndipo alipotujia: “Sheikh, nimemdanganya mtoto mchana wa Ramadhani. Dhambi yangu ni ya kula au ni ya uongo?”

Tulimuuliza kwa nini hakusema kweli. Akatueleza kuwa mama mmoja katika jamaa zetu alimwambia kwamba bibi zetu walifunga na mimba zao na hawakufa. Nasi tunakiri jambo moja hapa. Miaka ya nyuma, kila tulipofika mlango huu wa fiqhi, tuliupita mbio. Tulitaja kadha, tukataja fidia, tukaendelea. Hatukukaa tukaeleza kuwa rukhsa si deni la aibu. Kwa hivyo uongo ule, ijapokuwa ulitoka kinywani mwake, sisi tuna fungu letu ndani yake.

Basi leo tukae. Aya za Suratul Baqara zilizofaradhisha saumu ndizo hizo hizo zilizomtaja mgonjwa na msafiri, na ndani yake Mwenyezi Mungu akabainisha kuwa anatutakia wepesi. Mjamzito amekuja wazi zaidi katika Hadithi. Yuko sahaba aitwaye Anas bin Malik al-Ka‘bi, naye si yule Anas mashuhuri aliyemtumikia Mtume. Alifika kwa Mtume (s.a.w.) akamkuta anakula, akakaribishwa, akasema amefunga. Mtume akamketisha na kumfahamisha kuwa Mwenyezi Mungu amempunguzia msafiri nusu ya sala, na amemwondolea saumu msafiri, mjamzito na mwenye kunyonyesha. Wameipokea Abu Daud, Tirmidhi na wengineo. Tuliposoma Hadithi hii chuoni, kilichotugusa ni mwisho wake: sahaba yule alibaki akijuta kwa kutokula chakula cha Mtume siku ile. Majuto yake yalikuwa ya kuikosa karamu ya rukhsa. Majuto ya binti yetu ni ya kuila.

Hukumu ni hii. Mjamzito mwenye nguvu, asiyejikhofia wala kumkhofia mwanawe, hufunga, na saumu yake ni sahihi. Akikhofia madhara ana ruhusa ya kula, na madhara yakiwa makubwa na dhana ikawa na nguvu, kufunga kwenyewe ndiko kunakokuwa haramu. Khofu hii haipimwi kwa maneno ya jirani. Hupimwa kwa yale aliyoyaona mwilini mwake, na kuzimia ubaoni kunatosha, au kwa kauli ya tabibu mwaminifu. Katika madhehebu ya Imamu Shafi, wanayofuata wengi wa watu wa mwambao, akila kwa kujikhofia nafsi yake, au nafsi yake pamoja na mtoto, atalipa siku zake tu. Akila kwa kumkhofia mtoto peke yake, atalipa na kutoa kibaba cha chakula kwa kila siku. Mahanafi wanasema ni kulipa tu. Imepokewa kutoka kwa Ibn Abbas kuwa fidia inatosha. Twataja haya kwa sababu mtaani hapa jirani zetu wengi ni Mahanafi, na binti asibabaike akisikia mwenzake ameambiwa vingine.

Tena kila siku ina nia yake. Akiamka na nguvu Jumamosi, na afunge. Akilemewa adhuhuri, na afungue. Na siku za kulipa zisimtishe, akishajifungua na nguvu zikamrudia. Mwaka huu wa 1447 mchana wetu ni wa saa kumi na mbili hadi kumi na tatu na nusu. Mwaka 2016, Ramadhani ilipoangukia Juni, tulifunga zaidi ya saa kumi na saba. Lakini mchana wa Disemba hapa haufiki saa kumi na moja. Hiyo nayo ni rukhsa ya kijiografia.

Kliniki nayo isiahirishwe kwa ajili ya mwezi. Kutolewa damu ya vipimo hakubatilishi saumu. Kipimo cha sukari cha wiki ya 24 hadi 28, ambapo mama hunyweshwa maji matamu, kinabatilisha; siku hiyo ale bila ya wasiwasi. Maumivu makali ya kichwa, macho kuona ukungu, uso na mikono kuvimba, mtoto kupunguza kucheza: hayo hayangojei futari. Mwaka 2023, katika kila uzazi 100,000 nchini Marekani, wanawake weusi waliokufa kwa sababu za uzazi walikuwa 50.3, na wazungu 14.5. Daktari hamuulizi mama pasipoti yake kabla ya kumhesabu. Sisi tumo humo.

Turudi kwenye stoo ya vitabu. Wanavyuoni wamesema mwenye udhuru usioonekana ni bora ale kwa siri, asije akadhaniwa vibaya. Hiyo ni adabu ya kulinda heshima. Mimba ikishadhihiri udhuru umedhihiri nao, na hana haja ya kujibanza. Kwetu pwani mimba changa husitiriwa kwa kuogopa kijicho, nasi hatumlaumu anayesitiri. Ila asisitirike kwa daktari, wala kwa mkuu wa shule.

Maana nchi hii nayo ilikuwa na sitara yake, na haikuwa ya heri. Ndugu zetu wa Columbus, kisa hiki ni cha jimbo lenu. Bodi ya shule ya Cleveland ilipitisha mwaka 1952 kanuni kuwa mwalimu mjamzito aondoke kazini, bila mshahara, miezi mitano kabla ya kujifungua. Mwezi huo haukuchaguliwa na tabibu. Ndio tumbo linapoanza kuonekana, na wakubwa hawakutaka watoto walione na kucheka. Machi 1971 mwalimu Jo Carol LaFleur aliondolewa darasani kwa kanuni hiyo, ijapokuwa alitaka kufundisha hadi mwisho wa mwaka wa shule. Alishitaki, na Januari 1974 Mahakama Kuu ya Marekani ikaibatilisha kanuni hiyo kwa kura saba dhidi ya mbili. Binti yetu ana miezi mitano leo. Zamani zile angekuwa nyumbani.

Sheria iliyoanza kazi tarehe 27 Juni 2023 inamtaka mwajiri mwenye wafanyakazi 15 au zaidi amfanyie mjamzito wepesi unaowezekana: kiti, chupa ya maji, nafasi ya kula na kwenda chooni. Na aombe kwa maandishi. Ahadi ya mdomo ukumbini haishikiki. Likizo ni habari nyingine. Tanzania mama hupewa siku 84 kwa mshahara, Kenya miezi mitatu. Hapa sheria ya taifa ya mwaka 1993 inampa wiki 12 bila mshahara, tena awe ametimiza miezi 12 kwa mwajiri wake na saa 1,250 za kazi. Nyongeza hutegemea jimbo na mkataba wa chama cha walimu, basi ausome mkataba wake sasa, kabla tumbo halijawa zito.

Kuhusu mtoto aliyemuuliza, tumemshauri amwambie kweli kwa kadiri ya umri wake: kwamba Mwenyezi Mungu amewaruhusu wenye mimba kula, naye atazilipa siku hizo. Amesema atamwambia kesho, wakati wa kupanga mstari.

Limebaki moja. Kwetu, binti mwenye mimba ya kwanza hurudi kwao kujifungua, na mama yake humkalisha arubaini: maji moto, uji wa pilipili manga, kukandwa, kupokelewa mtoto ili apate kulala. Mama wa binti huyu yuko Kigoma, na viza haikupatikana. Mumewe anafanya kazi zamu ya usiku. Mtoto anatarajiwa mwanzoni mwa Julai. Akina mama wenye nafasi ya kupika, kukanda au kulala naye waandike majina na siku zao katika karatasi iliyo mlangoni upande wao. Na yule mama aliyetaja bibi zetu, tunamwomba jina lake liwe la kwanza. Uji wake tunaujua, ni mzuri.

Wabillahi tawfiq. Tusimame kwa tarawehe.