Tairi la kufunga Handeni na Korogwe: kila shahidi aulizwe alichokiona

Mwenye Noah ya abiria kati ya Handeni na Korogwe akiingia duka la matairi huuliza mambo mawili: bei gani, na je, linadumu? Bei muuzaji anaijua. La pili analijibu kwa kukisia, kwa kuwa yeye huliona tairi siku linapotoka dukani, siku linapokufa hayupo. Swali la tatu, ambalo ndilo zito kuliko yote, haliulizwi kabisa: dereva akikanyaga breki juu ya lami iliyolowa, gari litasimama baada ya mita ngapi?

Zamani uchaguzi ulikuwa mfupi. Kiwanda cha General Tyre cha Arusha kilisimama mwaka 2007, na cha Sameer cha Nairobi, kilichotoa matairi ya Yana, kikaacha uzalishaji mwaka 2016. Leo matairi tunayofunga kwenye magari madogo karibu yote hutoka nje, yakiwa na majina mengi kiasi kwamba hakuna fundi anayeyajua yote. Mnunuzi anahitaji ushahidi, nao upo wa aina tatu: maandishi yaliyo ubavuni mwa tairi, vipimo vya taasisi huru, na maneno ya watu wanaolitumia. Tunapokosea ni pale tunapomtaka shahidi mmoja ajibu maswali yote matatu. Kila mmoja ana jambo aliloliona kwa macho, na jambo analobahatisha.

Ubavu wa tairi unasema uzito, kasi na umri

Noah nyingi zilizopo barabarani hufungwa tairi lenye maandishi 195/65R15 91H. Milimita 195 ni upana. Namba 65 ni kimo cha ubavu kwa asilimia ya upana huo. Herufi R ni muundo wa nyuzi zake, na 15 ni inchi za rimu. Hadi hapo wauzaji wengi wanajua. Wengi huishia hapo, na hatari huanzia hapo.

Namba 91 ni uzito: kilo 615 kwa tairi moja lililojazwa upepo wake sawasawa. Matairi manne yanabeba kilo 2,460. Noah tupu ina karibu tani moja na nusu. Mpandishe dereva na abiria saba, kisha uweke nyuma magunia mawili ya mahindi ya kilo mia mia, na utakuta akiba iliyobaki ni ndogo. Tena mzigo haugawanyiki sawa, sehemu kubwa huelemea matairi ya nyuma. Hiace kwa kawaida hutaka tairi la 107/105, ambalo hubeba kilo 975 likiwa peke yake upande mmoja wa ekseli. La 91 na la 107 yote yanaingia rimu ya inchi 15, na asiyesoma namba anaweza kuuziwa la kwanza mahali pa la pili. Herufi inayofuata ni kasi ya juu kabisa: L ni kilomita 120 kwa saa, N ni 140, T ni 190, H ni 210.

Tafuta pia neno DOT na tarakimu nne za mwisho wake. Ukiona 2319, tairi lilitengenezwa wiki ya 23 ya mwaka 2019. Mara nyingi tarakimu hizo hupigwa upande mmoja tu, kwa hiyo geuza tairi. Joto, jua na hewa ya ozoni hukausha mpira hata kama gari halijatembea. Tairi lililoanikwa nje ya duka kwa miaka minne kwenye joto la Korogwe lina kashata mpya juu ya mpira wa kizee. Watengenezaji wengi hushauri tairi likaguliwe kila mwaka baada ya miaka mitano, na liondolewe likifika miaka kumi hata kama halijaisha.

Uzito uliozidi, upepo mdogo na mpira mkavu hukutana katika tukio moja: kupasuka. Juni 28, 2025, huko Same, kwenye barabara kuu hii hii inayopita Korogwe na Mombo, basi na basi dogo yaligongana na kuwaka moto. Watu wasiopungua 38 walipoteza maisha. Taarifa za awali zilieleza kuwa tairi la basi lilipata hitilafu, dereva akashindwa kulimudu gari. Wenye magari ya abiria wa njia hii wana kila sababu ya kusoma ubavu wa tairi kabla ya kulipa.

Kuna neno moja zaidi la kutafuta, hasa kwa aliyenunua gari kutoka Japani. Magari mengi hushuka bandarini yakiwa na matairi ya baridi, yenye neno STUDLESS ubavuni au alama ya mlima wenye vilele vitatu na kipande cha theluji ndani yake. Mpira wake ni laini, umetengenezwa ubaki mwororo katika baridi kali. Juu ya lami ya Mkata saa nane mchana mpira huo hulika haraka, na gari huyumba likikata kona kwa kasi. Yanaonekana mapya na yana kashata ndefu, kwa hiyo watu huyasifu. Hayafai huku.

Vipimo huru vinajua breki ya mvua

Ujerumani kuna ADAC, chama cha wenye magari kilichoanzishwa mwaka 1903, ambacho kila mwaka hupima matairi na kutangaza matokeo. Marekani kuna Consumer Reports, iliyoanza mwaka 1936. Taasisi hizi hununua matairi madukani kama mteja mwingine yeyote, badala ya kupokea yaliyochaguliwa na kiwanda, kisha huyafunga kwa zamu kwenye gari la aina moja, katika uwanja mmoja, juu ya lami iliyomwagiwa maji kwa kiasi kilekile.

Hilo ndilo jambo ambalo sisi wengine hatuwezi kulifanya. Dereva aliyepita Segera kwa miaka thelathini anajua mengi, lakini hawezi kukuambia tairi lake linahitaji mita ngapi zaidi ya jingine kusimama kwenye maji, kwa sababu hajawahi kuyafunga yote mawili siku moja mahali pamoja. Akikwambia linashika vizuri kwenye mvua, maana yake ni kwamba halijamwangusha bado.

Njia rahisi ya kuufikia ushahidi huu ni lebo ya Umoja wa Ulaya. Tangu Mei 2021 lebo hiyo hupanga matairi kwa madaraja ya A hadi E, kwa breki ya mvua na kwa ulaji wa mafuta. Daraja hutangazwa na mtengenezaji, lakini kwa kipimo kilichowekwa na sheria. Majina mengi yanayouzwa kwetu, hata ya bei nafuu, huuzwa pia Ulaya, na taarifa zao zimo katika hazina ya wazi ya Umoja huo iitwayo EPREL. Mwenye simu yenye intaneti anaweza kutafuta jina, toleo na saizi akiwa amesimama dukani.

Madaraja hayo yana uzito gani? Kwa viwango vya lebo hiyo, tairi la E huhitaji umbali wa breki unaozidi ule wa tairi la A kwa zaidi ya asilimia 40. Tuseme gari lenye mwendo wa kilomita 80 kwa saa linasimama katika mita 30 likiwa na matairi ya A. Likiwa na ya E litahitaji zaidi ya mita 42. Pale gari la kwanza liliposimama kabisa, la pili lingali na mwendo wa takriban kilomita 43 kwa saa. Mtoto anayevuka barabara pale Michungwani masika yakiwa yamepamba moto anategemea tofauti hiyo, naye hakushirikishwa katika kulichagua tairi.

Kama huna intaneti, angalia ubavuni herufi E ndani ya duara, ikifuatwa na namba za idhini na herufi kama S2WR2. W hiyo inaonyesha kuwa tairi limefaulu kiwango cha chini cha kushika barabara yenye maji. Haisemi kama ni la kwanza au la mwisho darasani, lakini tairi lisilo na alama hiyo lina la kujieleza.

Yasiyohamishika kutoka Ulaya

Matokeo ya kule yasibebwe yote kama yalivyo. Alama za theluji na barafu ziache. Alama ya jumla nayo isikutoshe: tangu mwaka 2023 ADAC huupa usalama barabarani asilimia 70 na mazingira asilimia 30, kwa hiyo shuka hadi kwenye mstari wa breki ya mvua. Saizi inayopimwa mara nyingi siyo ya gari lako, basi ichukue kama habari ya toleo hilo kwa ujumla.

Kuhusu kudumu, uangalifu unahitajika zaidi. Consumer Reports hupima ulikaji kwa maili 16,000 katika barabara za magharibi mwa Texas. Kipimo hicho kinakuonyesha lipi linalika polepole kuliko lipi juu ya lami, lakini hesabu yake ya kilomita haitatimia kwa gari linaloacha lami kila siku. Neno TREADWEAR na namba kama 400 lililoandikwa ubavuni hutolewa na mtengenezaji mwenyewe. Litumie kulinganisha matairi mawili ya kampuni moja, na usilitumie kulinganisha kampuni mbili.

Lipo jambo la kimaumbile linalofanya swali la kudumu lisitoshe likiulizwa peke yake. Mpira mgumu kwa kawaida hulika polepole, na mpira huohuo mara nyingi hushika vibaya lami yenye maji. Viwanda bora hupunguza mgongano huo kwa kuchanganya kemikali ghali, vya bei ya chini mara nyingi huchagua upande mmoja. Mnunuzi asiyeuliza chochote ila kudumu anaweza, bila kujua, kuwa amenunua breki ndefu.

Dereva na fundi pancha wanajua kifo cha tairi

Hakuna kipimo cha Ulaya kinachojua mawe ya njia ya kupanda Bungu na Lutindi, wala barabara za vumbi za kuelekea Kilindi, wala visiki vya mashamba ya mkonge. Hapa mtaalamu ni dereva wa stendi ya Korogwe au Chanika, na maneno yake yana thamani kuliko alama yoyote ya kigeni, mradi yaulizwe vizuri.

Usimwulize kama tairi ni zuri. Aliyetumia pesa zake juzi hupenda kuamini kuwa alichagua vyema. Mwulize: ulilifunga gari likiwa na kilomita ngapi, na uliliondoa likiwa na ngapi? Ulikuwa unabeba nini, na kwa njia ipi? Upepo uliweka kiasi gani? Lilikufa vipi: liliisha kashata sawasawa, lilichanika ubavu, lilitoa nundu, au waya zilitokeza? Jibu la anayebeba machungwa kutoka Kabuku kwa lami tupu halimfai anayepanda milimani, na wote wawili wanaweza kuwa wakweli.

Fundi pancha ni shahidi mzuri zaidi, kwa kuwa anaona majeruhi wa kila jina. Lakini naye ana mtego wake. Akisema jina fulani ndilo linaloletwa sana kwake, huenda ni kwa sababu ndilo lililonunuliwa na wengi. Mwulize majeraha yenyewe. Jina ambalo mara kwa mara huletwa likiwa limechanika ubavu kashata zikiwa bado ndefu limekwambia jambo la kweli kuhusu ubavu wake.

Uamuzi wenyewe

Anza na ubavu: saizi, uzito, kasi na tarehe. Lisilotimiza hayo liondoke hata kama ni la bei ya kutupa. Yaliyobaki yapange kwa breki ya mvua, na gari la abiria lisishuke chini ya daraja C kama uwezo upo. Kati ya hayo, watumiaji wa njia yako ndio wachague lipi linavumilia mawe. Bei iamue mwisho, kwa kugawa shilingi kwa kilomita ambazo tairi hilo limewafikisha watu wa njia hiyo.

Ukinunua mawili tu, yafunge nyuma, hata kama gari linavutwa na matairi ya mbele. Matairi mabovu ya mbele yakiteleza dereva huhisi kwenye usukani na kupunguza mwendo. Ya nyuma yakiteleza gari hugeuka kabla hajajua. Upepo uwekwe asubuhi kabla ya safari, kwa kiasi kilichoandikwa kwenye nguzo ya mlango wa dereva, na usipunguzwe njiani kwa sababu tairi limepata moto. Alama ndogo ndani ya mifereji ya tairi zinaonyesha milimita 1.6, mwisho kabisa wa uhai wake. Kwa masika yetu ni busara kuliondoa likiwa na milimita 3, maana mifereji isiyo na kina haiwezi kutoa maji kwa wakati.

Kuna ushahidi mmoja ambao bado haujaandikwa popote. Shirika la Viwango Tanzania, TBS, husema bidhaa imefaulu au haijafaulu. Halimpangii mnunuzi matairi yaliyofaulu kuanzia bora hadi hafifu, na likifanya hivyo kwa saizi chache tu, za Noah, Probox na Hiace, litaokoa fedha na maisha. Hadi siku hiyo, vyama vya madereva wa Handeni na Korogwe vinaweza kuanza na daftari moja stendi: jina la tairi, tarehe yake ya DOT, kilomita za kufunga, kilomita za kuondoa, njia, mzigo, na sababu ya kufa. Magari ishirini yakiandika kwa misimu miwili, tutakuwa na kipimo cha kudumu ambacho ADAC na Consumer Reports hawawezi kutupatia, kimefanywa juu ya mawe yetu na kwa mizigo yetu. Ukifunga tairi wiki hii, andika kilomita za leo nyuma ya risiti. Huo ni mstari wa kwanza wa daftari hilo.