Kuuliza watu mu dunia ya kompyuta

Siye benye sindika tunaijua ile: mutu anafika na karatasi, anauliza juu ya shimo, juu ya mushahara, kisha anaenda. Kesho yake mukubwa wa kazi anajua nani alisema nini.

Njo maana habari ya Tom Boellstorff, mwalimu wa chuo kikuu kule California, Marekani, ilitugusa. Kuanzia 2004 mupaka 2007 alifanya utafiti ndani ya Second Life, dunia ya kompyuta iliyofunguliwa mu 2003. Mule kila mutu anajivika mwili wa picha na jina lingine. Naye alijiita Tom Bukowski, akajenga nyumba, akakaa na watu, akawauliza maswali kwa kuandika.

Wengi watasema: sura ya uongo, jibu la uongo. Lakini yeye hakutafuta nani ni nani inje. Alitaka kujua maisha ya mule mwenyewe. Nyuma ya picha kuko mutu kweli, mwenye urafiki, haya na woga.

Aliomba ruhusa mbele ya kuuliza. Na mu kitabu chake cha 2008 alibadilisha hata majina ya zile picha, juu majirani ya mule wanayajua.

Wenzetu, kama picha inalindwa vile, siye wa shimo je? Mu betri ya telefone na ya kompyuta muko kobalti ya kwetu. Siku mutafiti anakuja, tumuulize kwanza siye: majina yetu utayaweka wapi? Nani atasoma? Kama yeye hana jibu, na siye hatuna.