Kiharusi Huwapata Watoto Pia

Watu wengi hudhani kwamba kiharusi ni maradhi ya wazee tu. Lakini mtoto mdogo naye aweza kupatwa nacho, ingawa ni kwa nadra sana, na pengine hufuata mafua ya kawaida.

Huenda ikawa hivi. Mtoto ana mafua na kikohozi, na mama yake haoni ajabu, kwani ni mtoto gani asiyepata mafua? Siku ya nne, anywapo uji, kikombe champonyoka. Mkono wa kulia hauna nguvu, mdomo umepinda, na maneno hayatoki sawasawa. Majirani huanza kunong'ona habari za pepo na uchawi, na huku saa zenye thamani zapotea.

Huo si uchawi. Mwili upiganapo na maradhi, kuta za mishipa ya damu zaweza kuvimba kwa ndani, na damu ikaganda upesi kuliko desturi. Donge likiziba mshipa uendao ubongoni, sehemu ile ya ubongo hukosa damu, na kiungo inachokitawala hulegea.

Mwaka 2015 madaktari wakiongozwa na Heather Fullerton wa Chuo Kikuu cha California, San Francisco, walitangaza matokeo ya uchunguzi uliofanywa katika nchi 9. Walilinganisha watoto 355 waliopatwa na kiharusi na wengine 354 wasiopatwa. Katika kila 100 wa kundi la kwanza, 18 walikuwa wameugua maradhi ya kuambukiza juma lililotangulia. Katika kundi la pili, 3 tu. Maradhi yaliyoonekana zaidi yalikuwa yale ya njia ya pumzi. Tena, waliokosa chanjo nyingi walikuwa katika hatari kubwa kuliko waliopewa zote au karibu zote.

Basi mzazi asitishwe na kila mafua, maana watoto karibu wote hupona pasipo madhara. Yampasa ahakikishe kwamba mtoto amemaliza chanjo zake. Lakini akiona uso umepinda, mkono au mguu umelegea ghafula, au usemi umeharibika, ampeleke hospitali kubwa saa ile ile. Aikumbuke saa dalili zilipoanza, amwambie daktari. Njiani asimpe chakula wala kinywaji, asije akapaliwa. Wala asimpe aspirini, kwani yaweza kumdhuru mtoto mwenye mafua. Akishikwa na kifafa, alazwe ubavu.

Mtoto anayefikishwa mapema ana tumaini kubwa zaidi la kurudi shuleni na kushika kalamu yake tena.