Sala ya Kina Mama wa Nairobi

Wasemao kwamba sala ni kimbilio la wavivu, na wale wasemao kwamba mchungaji akitaja dhuluma ya serikali amekiacha kitabu chake, aghalabu hawajapata kusikiliza vizuri habari za kina mama wazee waliokaa karibu mwaka mzima katika chumba cha chini cha Kanisa Kuu la All Saints, Nairobi, kuanzia Machi 1992.

Wana wao walikuwa kifungoni kwa sababu za siasa. Na ingawa kifungu cha 2A cha katiba, kilichoharamisha vyama vya upinzani, kilikwisha kufutwa Desemba 1991, milango ya magereza haikufunguliwa. Tarehe 28 Februari 1992 kina mama hao, wakifuatana na Profesa Wangari Maathai, walimwendea Mwanasheria Mkuu, Amos Wako, wakampa malalamiko yao, kisha wakatandika mablanketi katika Bustani ya Uhuru, wakafunga kula, wakangoja. Machi 3 polisi walikuja kwa virungu na moshi wa kutoza machozi. Profesa alipigwa hata akazimia. Na baadhi ya wazee wale wakavua nguo zao mbele ya askari wenye umri wa wana wao, tendo ambalo kijana aliyelelewa katika mila za kwao huliogopa kuliko risasi, kwa kuwa ni laana ya mama. Bustani ilipozingirwa, wakahamia kanisani, ambako si mbali.

Jiwe la msingi la kanisa hilo liliwekwa mwaka 1917, nalo lilijengwa kwa ajili ya ibada za walowezi na maofisa wao. Sasa likawa na wageni wasiotarajiwa, wanawake wa mashambani, wakilala chini na kuimba nyimbo za dini usiku na mchana. Siku hizo mkutano wa siasa ulitaka leseni ya serikali, ilhali ibada haikutaka, na mwenye shaka atasema kwamba sala ile ilikuwa hila ya kuikwepa sheria. Mimi sioni hivyo. Hasira peke yake ingaliwatosha juma moja, labda mawili. Kilichowakalisha pale miezi yote hiyo, pamoja na baridi, uvumi na vitisho, ni ile desturi ya kuamka na kuomba. Mama anayemtaja mwanawe kwa jina mbele ya Mungu kila alfajiri hawezi kumwambia wakili adhuhuri kwamba amechoka na kesi. Mwanzoni mwa 1993 wengi wa wafungwa hao waliachiliwa, miongoni mwao Koigi wa Wamwere, ambaye mama yake, Monica Wangu, alikuwa katika kundi hilo.

Iko sala ya namna nyingine, nayo wakubwa huipenda mno: kuiombea nchi amani pasipo kumtaja aliyeivunja. Hiyo haijapata kufukuzwa na polisi mahali popote.

Ile ya kwanza hufukuzwa. Julai 7, 1997, siku ya Sabasaba, askari waliingia ndani ya kanisa lilo hilo la All Saints, watu waliodai marekebisho ya katiba wakiwa katika maombi, wakatupa mabomu ya machozi na kupiga kwa virungu. Na miongoni mwa waliopigwa alikuwamo mchungaji wa Kipresbiteri, Timothy Njoya, mgeni katika nyumba ya Waanglikana, kama vile Profesa Maathai, Mkatoliki, alivyokuwa mgeni humo miaka mitano kabla yake. Mwaka huo haukwisha ila Bunge limeibadili sheria ya mikutano: leseni ikaondolewa, ikabaki kuwaarifu polisi tu. Mchungaji Njoya hakutosheka na hayo. Juni 10, 1999, alikwenda na wenzake hata nje ya Bunge kudai katiba mpya, akapigwa mara nyingine, hadharani, mbele ya wapiga picha wa magazeti.